Kidole cha Maren

Darrin Leavitt hutengeneza mitambo ya kupasha nyumba joto, na mjini Tolman Wells, mashariki mwa Nevada, ni vyumba vichache vya chini ya ardhi ambavyo hajapata kupiga magoti ndani yake. Anaijua pia nyumba ya Barabara ya Machimbo, yenye leseni ya kaunti na taa nyekundu inayowaka hata mchana, ambako wanawake hulipwa, nao wanaume hawaulizwi majina. Mafundi wote wa mji hufanya kazi pale. Hata Askofu Gaylen Nebeker wa kanisa la Wamormoni, ambao viongozi wao hawalipwi, naye siku za kazi ni muuza matairi, huyahudumia magari ya nyumba hiyo, na hakuna anayemsema.

Darrin alikwenda mara kadhaa kwa ajili ya boila. Mwezi wa Februari alikwenda siku ambayo boila haikuwa na kasoro.

Mwanamke aliyempokea alijiita Coral. Alipoliona vazi jeupe la ndani, lile ambalo Wamormoni huvaa baada ya kuingia hekaluni, alicheka, bila ubaya.

"Kumbe ndugu yangu! Mimi nilibatizwa Idaho, nina miaka minane. Baba alinizamisha mara mbili, kidole cha mguu kiligoma kuzama."

"Usiyaseme hayo hapa."

"Niyasemee wapi sasa, kanisani?"

Tangu hapo Jumapili zikawa ngumu. Sinia ya mkate wa sakramenti, ambao mwenye dhambi nzito hapaswi kuula, hupita kutoka mkono hadi mkono, na anayeiacha impite huonekana na benchi zima. Upande wake wa kulia hukaa mkewe, Shalise. Kila Jumapili Darrin alichukua kipande chake akakimeza kama mtu anayemeza dawa ya mgonjwa mwingine.

Machi binti yao Maren akatimiza miaka minane, umri wa kubatizwa. Kwao ni baba, kama anaishi kwa usafi, anayemwingiza mtoto wake majini. Askofu alimshika bega kwenye ukumbi wa kanisa.

"Ndugu Leavitt, uko sawa kumbatiza binti?"

"Niko sawa, Askofu."

Jibu lilitoka haraka mno. Wiki nzima alitafuta nafasi ya kulirudisha. Akisema ukweli, mtu mwingine angembatiza Maren na Shalise angetaka kujua kwa nini. Akinyamaza, angesimama mbele ya watu akitaja mamlaka ambayo aliamini hana tena. Usingizi ulimpaa. Chakula alikigeuzageuza tu kwenye sahani. Shalise alimuuliza kama ni tumbo, akasema ndiyo, ni tumbo.

Jumamosi asubuhi milango ya kisima cha ubatizo ilifunguliwa. Watoto walikaa sakafuni mbele. Mashahidi wawili walisimama huku na huku, kuhakikisha kwamba mwili wote unazama: Shalise, na kaka yake, Clint. Darrin na Maren walishuka ngazi wakiwa wamevaa nyeupe. Aliinua mkono wa kulia.

"Maren Leavitt, nikiwa nimepewa mamlaka na Yesu Kristo, nakubatiza..."

Sauti ilikwaruza, lakini ilifika mwisho. Alimlaza majini, akamwinua. Maren aliibuka akikohoa na kutabasamu. Clint akatikisa kichwa.

"Kidole gumba, shemeji. Kimetoka kuchungulia."

Watoto wakacheka. "Hiyo miguu ni ya kina Leavitt," alisema mtu nyuma. "Viatu tu vitawafilisi!"

Vidole huelea. Kila baba pale alilijua hilo, na Darrin alilijua. Lakini alichosikia ni kicheko cha Coral.

"Mkanyage kidogo, mpenzi," Shalise alinong'ona.

Mara ya pili alimkanyaga. Mguu wake mwenyewe uliteleza, na kidole kikaibuka tena. Safari hii hakuna aliyecheka. Maren alimtazama baba yake, maji yakimtiririka kwenye nyusi.

Mara ya tatu Darrin aliinua mkono na kulitaja jina la mtoto. "Nikiwa nimepewa," alisema, akakwama hapo. Watu wakangoja. Taratibu alishusha mkono, akajishika bega.

"Bega limekataa. Clint, nisaidie."

Suruali nyeupe iliyopatikana ilimwishia Clint chini ya magoti. "Hii ni ya mvulana wa shule!" alilalamika, watu wakapumua. Akaingia majini, akambatiza mpwa wake mara moja, mzima mzima, hadi kucha.

Baadaye Maren alikuwa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, amejifunga taulo, anaitazama miguu yake. Darrin alichuchumaa mbele yake, bado ameloa.

"Baba, ni mimi niliyeharibu, sivyo?"

"Nani kasema?"

"Jana nilimdanganya mama kwamba nimepiga mswaki. Ndiyo maana maji yalinikataa kwako. Kwa Anko Clint yalinikubali kwa sababu nilitubu haraka haraka pale pale."

Wiki hizo zote Darrin aliogopa kwamba uchafu wake ungemgusa mtoto. Hakuwahi kufikiri kwamba mtoto angeupokea mwenyewe na kuuita wake.

"Maji hayakukukataa."

"Yalimkataa nani, basi?"

Shalise alikuwa mlangoni na kitana mkononi. "Ni bega lipi, Darrin?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Uliinua mkono wa kulia, ukashika bega la kushoto."

Darrin hakugeuka. Alimjibu mtoto kwanza.

"Si wewe, Maren. Ni mimi. Nilifanya jambo baya, na nililijua kabla hatujaingia majini."

"Baya kuliko mswaki?"

"Kuliko mswaki."

Maren aliwaza kidogo, akavuta soksi, akaanza kuvaa. Uso wake ulikuwa umetulia. Shalise alikaa nyuma yake akamchana nywele, fundo kwa fundo, hadi zote zikanyooka, bila kumtazama mumewe.

"Askofu bado yuko ofisini kwake," alisema hatimaye. "Sisi tutakusubiri kwenye gari. Ukirudi utaniambia na mimi. Na usije ukaniambia bega."

Darrin alitoka akiwa bado amevaa nguo zake nyeupe, akiacha alama za maji kwenye zulia la ukumbi, mpaka kwenye mlango wa askofu.