Indiketa ya Kushoto

Bartholomew Kyalo aliendesha lori la simiti kutoka Athi River hadi Malaba kwa miaka mingi sana hivi kwamba hata mezani alikuwa akiegemea upande kidogo, kama mtu aliye kwenye kona. Kisha kiharusi kikampata, kwa adabu, akiwa nyumbani Kalama, ameketi. Mkono ulirudi, mguu ukarudi, maneno nayo yakarudi yote, hata yale ambayo mkewe Kavutha hakuwa ameyatamani. Ambacho hakikuwa kimerudi ni ufunguo wa pikapu yao. Kavutha aliutia kwenye pochi, na pochi ikakaa kwapani, kanisani na sokoni.

Daktari alipoulizwa kuhusu kuendesha, alisema tutaona. Bartholomew aliona neno hilo halina maana. Kavutha aliona linayo ya kutosha.

Ndipo Bartholomew akasikia habari za Gatimu, mhasibu aliyechoka kuhesabu pesa za watu, akafungua chumba cha gemu mjini Machakos. Humo mlikuwa na kiti kilichong'olewa kwenye gari la ajali, usukani, pedali tatu, mkono wa indiketa wa gari la Probox na skrini kubwa mbele. Mpango ulikuwa wa Bartholomew mwenyewe: amalize mbio bila kugonga kitu, ufunguo urudi. Kavutha alikubali mara moja, jambo ambalo lingemtia wasiwasi mtu makini.

Magari ya kuchagua yalikuwa mengi. Alichukua Datsun 240Z, nyekundu, kama ile ya Safari Rally aliyoiona utotoni. Kila mwanamume wa rika lake pale Kalama aliiona Datsun hiyo kwa macho yake, na ikiwa wote wanasema kweli, basi ilipita polepole mno. Gatimu alimweleza kwamba kila kitu kimeigwa, mngurumo, gia, hata mkia unavyoteleza kwenye kona. Bartholomew aliuliza kuhusu hendibreki. Akaonyeshwa, akaridhika na Wajapani wote kwa jumla.

Kavutha aliketi kwenye kiti cha plastiki kushoto kwake, upande aliozoea kukaa ndani ya pikapu, pochi magotini.

Bartholomew aliendesha vizuri, hilo lazima lisemwe. Magari mengine yalipomkaribia kwa nyuma, aliwasha indiketa ya kulia, yaani ngojeni, mbele si kuzuri. Barabara ilipofunguka aliwasha ya kushoto, yaani piteni. Hiyo ndiyo lugha ya malori kutoka Mombasa hadi mpakani. Waliokuwa nyuma walikuwa kompyuta tupu, wakapita bila kushukuru kwa honi.

"Hakuna heshima," akasema, bila kinyongo.

Kisha Datsun ikagonga ukuta wa kushoto. Bartholomew alisema ukuta umejengwa vibaya. Gatimu akaanzisha upya. Ikagonga matairi yaliyopangwa kando, kushoto tena. Akasema usukani unavuta, na Gatimu, anayejua biashara, akaahidi kuuangalia. Safari iliyofuata ubavu wa kushoto uliburuzwa kwenye reli mwendo mrefu, huku dereva akipiga mluzi.

Kavutha aliinuka taratibu, akazunguka nyuma, akasimama upande wa kulia kando ya Gatimu. Bartholomew aliendelea kukieleza kiti cha plastiki kwamba breki hukanyagwa kabla ya kona, si ndani yake. Akauliza kama anaeleweka, na kwa kuwa kiti hakikubisha, akaendelea.

"Niko huku, Baba Nthenya."

Akageuka kulia, akamwona. Halafu akageuza kichwa kizima hadi kushoto, akakitazama kiti kitupu ambacho macho yake yalikuwa hayajakiona. Kwenye barabara ya Kalama huo ni upande wanakotembea watoto wa shule. Hakuna aliyehitaji kumwambia.

Safari hii hakulaumu gemu. Aliwasha indiketa, akaitoa Datsun mbioni hadi kwenye nyasi, akavuta hendibreki, akazima. Lau kungekuwa na kichaka, angekata matawi akayatandaza barabarani nyuma yake, kama afanyavyo kila dereva ambaye lori limemharibikia.

"Pikapu itaoza," alisema.

"Ioze kwa nini? Mimi si niko na miguu miwili?"

"Pedali ni tatu, Mama Nthenya."

"Basi nionyeshe hiyo ya tatu."

Wakabadilishana viti. Sasa Bartholomew alikuwa kushoto, mahali pa tanboi, msaidizi wa dereva, ambapo kwa miaka yote alikuwa akiwaamuru wengine wakae kimya. Kutoka hapo alimwona Kavutha mzima. Datsun iliruka kama mbuzi, ikazima, ikaondoka tena. Kavutha aligonga kushoto na kulia bila upendeleo, na magari yakajipanga nyuma yake.

"Hawa wanataka nini?"

"Kupita. Weka ya kushoto."

Akaweka. Wakapita wote, kimya.

"Kweli hakuna heshima," Kavutha akasema.

Usukani ulikuwa umedai mikono yake yote miwili, kwa hiyo pochi ilikuwa magotini mwa Bartholomew, na ufunguo ndani yake. Hakuifungua. Alikuwa anamwambia akanyage klachi.