Kikapu cha Kahawa Kando ya Kitanda cha Benadeta

Saa moja kasorobo asubuhi Jovitha Ndyamukama anavua kandambili mlangoni, anaamkia, na kabla hajauliza hali ya mgonjwa anachungulia kikapu kidogo kando ya kitanda. Kina kahawa ya kutafuna, ile wanayokaribishiwa wageni katika nyumba za huku Karagwe. Leo imebaki robo tu. Maganda yametapakaa sakafuni.

"Usiku ulikuwa mbaya," ananong'ona. "Ma Benadeta hapigi kelele mbele ya watu. Anang'ata kahawa."

Jovitha, mwenye miaka 46, ni mhudumu wa afya wa kujitolea katika kata ya Chonyonyo. Kwa miaka kumi na moja amewatembelea wagonjwa ambao hospitali imewarudisha nyumbani kwa kuwa hakuna tena la kuwafanyia. Anatembea kilomita tisa kwa siku. Anawaogesha, anawageuza, na wakiomba, anawasomea Biblia. Amekwisha kuwazika 41.

Benadeta ana miaka 68 na saratani ya kizazi. Juu ya kabati ipo chupa ya mofini ya maji aliyopewa hospitalini kutuliza maumivu. Imejaa hadi shingoni. Wiki ya tatu sasa hajaionja, na aliyesababisha ni Jovitha mwenyewe.

"Aliniambia nisome chochote. Nikafungua waraka wa Petro, pale anaposema aliyeteswa mwilini ameachana na dhambi. Nilidhani namfariji. Mjinga mimi!"

Benadeta alikuwa na lake moyoni. Mwaka 1994 alikataa kumuuguza mama mkwe wake, na bibi yule akafia kwa jirani. Aliposikia maneno ya Petro aliona maumivu haya ndiyo nafasi yake ya kuachana na dhambi ile kabla hajafa. Hata alipobembelezwa anywe dawa alikuwa na jibu: katika Injili ya Marko, Yesu alipewa divai yenye manemane ya kupunguza maumivu, akaikataa.

"Mama alikuwa wangu, na mimi nimekwisha kukusamehe," anasema mumewe, mzee Rweyemamu, aliyesimama mlangoni na kisu cha kupogolea migomba. "Waitu, tafadhali, kunywa dawa."

"Wewe umesamehe," anajibu Benadeta. "Yeye je?"

Ni vigumu kukaa katika chumba hiki.

Wiki nzima, kila anapotoka shambani, Jovitha amekuwa akisoma habari za msalaba katika Injili zote nne, jambo ambalo anakiri hakuwahi kulifanya. Amegundua kwamba hazisimulii sawasawa. Kwa Marko, Yesu anakufa akilia kuwa Mungu amemwacha. Kwa Luka anaikabidhi roho yake kwa Baba, ametulia. Akasoma na nyaraka. Paulo anaifurahia dhiki kwa kuwa inaleta saburi, lakini huyohuyo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake. Katekista wa kanisani kwao akamwonya asiwachanganye wagonjwa.

"Nikamwambia aliyechanganyikiwa ni mimi. Kumbe hata wao walioandika hawakuwa na jibu moja. Na mimi nilimpa Ma Benadeta moja tu, kama vile nampa kidonge!"

Asubuhi hii anakaa ukingoni mwa kitanda na kusoma Yohana, polepole. Yesu anasema ana kiu. Wanachovya sifongo katika siki, wanampelekea kinywani, naye anaipokea.

Benadeta anafumbua macho. "Alikunywa?"

"Alikunywa, Ma."

"Walimlazimisha?"

"Hapana. Aliomba mwenyewe."

Kahawa inasikika ikivunjika kati ya meno. Kisha Benadeta anaitema kiganjani.

"Lete hiyo chupa. Kidogo."

Jovitha anavuta dawa kwa bomba lisilo na sindano. Rweyemamu anageuka na kutoka nje. Huko kwenye migomba anasikika akilia bila kujificha.

Jovitha hajidanganyi. Daktari alisema zimebaki wiki chache, na hajui kama saa nne zikipita, muda wa dozi nyingine ukifika, Benadeta atakubali tena. Tangu sasa amepanga kumuuliza kila mgonjwa anaogopa nini kabla hajafungua ukurasa wowote. Kwa Benadeta ana ombi moja.

"Siku nitakayoitwa kwamba amekwenda," anasema, akitafuta kandambili zake, "nikute kikapu kimejaa."