Mihogo Haina Maneno Mengi

Jumanne nilikuwa kwenye benchi la kliniki ya meno hapa Malindi, shavu limevimba. Kando yangu kijana mmoja alikuwa amefumba macho, midomo ikimcheza, akinong'ona neno moja tena na tena. Mama aliyejitanda leso akamwekea mkono begani.

"Omba tu, mwanangu. Kung'oa jino ni mara moja."

Kijana akafumbua macho kwa haya. "Siombi, mama. Nakariri maneno ya Kiingereza. Jumamosi nina mtihani wa kuingia shahada ya pili ng'ambo."

"Unakwenda kusomea Kiingereza?"

"La, mama. Magonjwa ya mihogo. Kwetu Jilore inaoza ardhini."

Mama akatikisa kichwa polepole. "Na hilo neno ulilokuwa ukilisema lina maana gani?"

"Mtu mwenye maneno mengi."

"Kwani mihogo ina maneno mengi?"

Kijana hakucheka. "Haina. Lakini nisipolijua neno hilo, sipati nafasi."

Jino langu likazidi kuniuma. Miaka yote hii naishi kwa kuandika, na neno hilo sijawahi kulihitaji hata siku moja. Lakini kuna mtu huko aliko, ambaye hajawahi kung'oa muhogo, ameketi akaamua kwamba asiyelijua asiitibu mihogo yetu.

Daktari akaita. Ilikuwa zamu ya mama, lakini hakuinuka. Alimshika kijana mkono, akafumba macho.

"Ningoje kidogo, daktari," akasema. "Huyu ndiye anayehitaji maombi."