Robo ya Chini ya Wakulima Wanane

Nilikuwa nimemaliza Kidato cha Nne, na kompyuta nilijifundisha mwenyewe kwa kitabu cha maelezo kisicho na jalada. Kiwanda kimoja cha majani chai karibu na Kapkatet kilinipa wiki moja ya majaribio. Afisa wa mashambani aliniletea kilo ambazo wakulima wanane walipima kituoni siku moja: 9, 12, 14, 18, 21, 26, 30, 41.

"Nitafutie robo ya chini. Hao ndio nitawatembelea niwafundishe kuchuma. Ukiweza, hicho kiti ni chako."

Kwa kalamu, mpaka wa robo hiyo ulikuwa 13. Programu ya hesabu ikasema 13.5. Nilirudia mara sita. Naungama: nilijifungia chooni nikalia, eti nusu kilo inanifukuza kazi. Mwishowe kitabu kikanieleza kwamba robo ina njia zaidi ya moja ya kukatwa, na zote ni halali. Tena kati ya 12 na 14 hapakuwa na mtu. Kwa njia yoyote, waliobaki chini ni wale wale wawili. Karibu nibusu kompyuta.

Kesho yake tulienda kwa mama wa kilo tisa.

"Mama, kompyuta inasema umelegea," afisa akatania.

Alicheka hadi kikapu kikamtoka mgongoni. "Hiyo kompyuta yenu haina majirani? Siku hiyo ilikuwa kibagenge, siku yetu ya kusaidiana! Tulimchumia yule aliyejifungua, sisi wote, majani yakapimwa kwa namba yake ya mkulima. Hizo tisa nilichuma asubuhi kabla sijaenda."

Kumbe mkulima wetu hodari, wa kilo arobaini na moja, alikuwa kitandani akinyonyesha.

Afisa akanigeukia. Nikaona kiti kinaondoka.

"Na wewe hukuuliza?"

"Sikuuliza, bwana. Nilikuwa nahangaikia nusu kilo."

"Hata mimi sikuuliza." Akaanza kucheka naye. "Siku moja haitoshi. Kesho uanze na kilo za mwezi mzima, na siku za kibagenge uziwekee alama."

"Kesho? Si wiki yangu ya majaribio inaisha leo?"

"Mpe chai huyu," mama akaita jikoni, "hasikii vizuri."

Nilirudi nyumbani mbio kwenye tope, viatu mkononi. Asubuhi mlinzi alinikuta langoni, orodha ya siku za kibagenge alizonitajia yule mama tayari mfukoni, nimeinakili mara tatu.