Mwoga wa Nguzo za Stima

Siku yangu ya kwanza kwenye kazi ya stima, msimamizi wa gengi alinipa mkanda wa kupandia nguzo na onyo. "Hapa hatuweki mwoga. Mwoga aende sokoni auze dagaa wa omena."

Nilikuwa nimeacha shule baada ya wazazi wetu kufa. Wadogo zangu watatu walinitegemea, tukikaa chumba kimoja mtaani Migosi. Nilifunga mkanda.

Kila mtu anajua kwamba neno mwoga linatokana na kuogopa. Lakini katika gengi letu, aliyeogopa urefu hakuitwa hivyo. Alipewa kazi ya kuchimba mashimo na mambo yakaisha. Mwoga alikuwa anayeuliza kama laini imezimwa kweli. Nadhani maana hiyo ilizaliwa na haraka. Mji ukiwa gizani, wakubwa walimsukuma msimamizi, naye hakuwa na kitu cha kutusukuma nacho ila neno hilo.

Laini iliyozimwa inaweza kurudi na moto: mtu ameiwasha kituoni bila kujua tuko juu, au jenereta ya hoteli inasukuma stima nyuma. Kwa hiyo kabla ya kushika waya tunatundika ethi, yaani nyaya zinazoishusha stima hadi kwenye chuma kilichopigwa ardhini. Kuitundika kunachelewesha kazi.

Tulipohamishiwa Katito, mvua iliangusha laini siku ya soko.

"Omera, ndugu yangu, panda! Imezimwa," msimamizi alisema.

"Nitundike ethi kwanza, Bwana."

"Unaogopa waya kama mama mkwe! Panda, ama urudishe mkanda."

"Mkanda nitarudisha. Watoto wa mama yangu sina wa kumwachia."

Gengi lilicheka. Msimamizi alitazama nguzo, akatazama watu wa soko, akanitupia zile nyaya. Nilizitundika. Laini ilikuwa imezimwa, kama alivyosema, na jina la Mwoga likanishika.

Lilinitangulia hadi Luanda Kotieno. Msimamizi wa huko aliniuliza, "Ndiye wewe Mwoga?"

"Ndiye mimi, Mzee."

"Basi tundika ethi yako. Sisi tunakunywa chai."

Nimestaafu sasa. Vijana huniuliza ethi iliniokoa mara ngapi. Sijui; labda hata mara moja haikuniokoa. Ninachojua ni kwamba wadogo zangu walikua, wakasoma, wakaoa na kuolewa, na miaka hiyo yote nilikuwa narudi nyumbani jioni.