Mashimo ya Baba kule Magamba

Nikipita mahali palipovunjwa mabua mabichi ya mahindi, ile harufu yake tamutamu hunichosha hata kabla sijakumbuka sababu. Ndiyo harufu ya asubuhi zetu za Magamba, miaka ya sabini, nguruwe pori wakishapita. Mahindi yalilala chini kama mikeka. Baba alitembea katikati yake, akiokota magunzi yaliyotafunwa na kuyatupa.

Kila mwenye shamba alikuwa na lake juu ya nguruwe. Bibi, mama yake baba, alisema mnyama naye ana tumbo, akapanda mistari miwili pembeni iwe fungu lao. Wakala fungu lao, kisha wakala letu. Bwana nyama, yule afisa wa wanyamapori mwenye bunduki, aliahidi kuja. Alikuja tumeshavuna, akala kuku wetu, akaondoka. Basi baba akachimba mashimo manne kwenye njia zao, kina kikimpita kimo, akayafunika kwa fito na majani.

Jirani yetu, Mzee Masanja, Msukuma aliyekuwa amehamia na ng'ombe wake kutoka kaskazini, alikuja kumsihi.

"Baba Skola, ng'ombe hajui hapa pana shimo. Fukia, jirani yangu."

"Nguruwe hali ng'ombe wako," baba alijibu. "Mimi anakula chakula cha wanangu."

Skola ndiye mimi; nilikuwa na miaka tisa, na nilijivunia jibu lile.

Haikupita wiki, jua likiwa limeshapanda, tukasikia mlio kutoka shambani. Alikuwa ng'ombe mwekundu wa Masanja, yule ambaye maziwa yake Mama Masanja, mke wa mzee, alituletea kwa kibuyu kila bibi alipougua. Mguu wa mbele ulikuwa umevunjika. Masanja alivua kofia, akasimama ukingoni akimtazama. Nilingoja matusi. Alichosema ni, "Leteni kamba."

Wanaume walimvuta, wakamchinjia palepale. Jioni Masanja akatuletea paja zima. Mama alilipika, tukala hadi tukalamba vidole. Baba alisema ameshiba, na tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni.

Kesho yake alichukua jembe akaanza kufukia. Kaka zake walipokuja kumsaidia aliwarudisha. Mashimo yote manne aliyafukia peke yake, siku tatu, mgongo ukimuuma hadi akawa anashindwa kuinama kunawa uso.

Nguruwe walirudi, bila shaka. Tuligonga madebe mpaka sauti zikatukauka, lakini mwaka ule kihenge chetu cha kuhifadhia mahindi hakikufika hata nusu. Shuleni wenzangu waliliita shamba letu hoteli ya nguruwe. Ilipofika miezi ya njaa, Mama Masanja alituletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, nami nilivitafuna kwa hasira, nikimwona baba kuwa mtu aliyeshindwa. Ameshindwa na nguruwe! Nilibaki na wazo hilo miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Siku hizi nina shamba langu Mwamkulu, na nguruwe bado wanakuja. Kuna kijana aliwahi kunishauri nitege sumu kwenye maboga. Nilikaa nikiwaza mbuzi wa nani hupita pale, na mbwa wa nani, na watoto wa nani huokota maboga, mpaka nikachoka, nikamwambia aache. Ndipo nilipomfuata baba, ambaye alikuwa mzee tayari, macho yameingia ukungu. Nikamuuliza kwa nini aliyafukia mashimo yale huku akijua tutalala njaa.



"Masanja angenitukana, nisingefukia," akasema. "Lakini alileta nyama, mwanangu. Nilikuwa nimechoka. Nikaona, nguruwe nitapigana naye mpaka nife, na atarudi tu. Masanja akihama, harudi."