Waliolala Nyuma ya Kanisa la Udongo

Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja kustaafu ofisi ya mambo ya kale walipoamua kwamba mimi ndiye nizunguke Kisarawe kuorodhesha majengo ya kale. Magoti yalikuwa yananisumbua, na kutoka kwangu Kongowe, Kibaha, mpaka vijiji vile vya ndani unabadilisha magari, unapanda bodaboda, kisha unamalizia kwa miguu. Nilisema sawa. Nilikuwa nimechoka hata kukataa.

Fomu ilitaka jina la jengo, umri wake, aina ya ukuta na hali. Nilianza na magofu ya boma la Wajerumani, ambako mbuzi walikuwa wamelala barazani. Nikaenda kwenye msikiti mdogo wa mawe uliokwisha kuhamwa, halafu kwenye kisima cha wamisionari kilichojaa majani. Hali: mbaya. Hali: mbaya. Ikafika mahali naliandika neno hilo kabla sijashuka kwenye pikipiki.

Kanisa lilikuwa la mwisho. Lilijengwa kwa matofali ya udongo yasiyochomwa, kuta nene, chokaa imebanduka, na ufa ulioshuka kutoka dirishani mpaka chini, kiganja changu kikapita. Kando yake msingi wa kanisa jipya ulikuwa tayari. Mchungaji, kijana mpole, alinitembeza.

"Mama, hili tutalibomoa baada ya mavuno," alisema. "Na kule nyuma tutasawazisha, tupate mahali pa kuegesha magari."

Kule nyuma niliona makaburi mawili ya wamisionari yenye misalaba ya saruji. Sehemu nyingine ilikuwa kichaka na mawe. Mchungaji akaitwa kwenye kikao, nikabaki napima ukuta.

Ndipo akaja bibi mmoja na ufagio wa chelewa. Nilikuja kujua kwamba alikuwa akilifagia kanisa lile tangu alipoolewa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuwaandika?"

"Nimekuja kuandika kanisa, bibi."

"Na watu wake?"

Nikamwambia fomu haina nafasi ya watu. Akaitazama ile karatasi mkononi mwangu.

"Si uigeuze?"

Sikuwa na hamu. Jua lilikuwa kali, na nilikuwa nawaza gari la kurudi Kibaha. Lakini yeye alikwisha kuingia kichakani, akisukuma majani kwa ufagio, nami nikamfuata. Kumbe yale mawe yalikuwa makaburi. Huyu, akasema, alikanyaga udongo wa matofali mpaka miguu ikapasuka. Huyu alikuwa mwinjilisti, ndiye aliyemfundisha bibi kusoma. Hawa ni mtu na mkewe, walikufa wiki moja kwa ndui. Akaniambia niandike pia mtu asiyelala pale, Mwislamu aliyebeba mabati ya paa kichwani kutoka Dar es Salaam pamoja na shemeji zake Wakristo. Alizikwa kwao, ng'ambo ya bonde.

"Na yeye muweke," alisema. "Mvua haikutunyeshea kwa sababu yake."

Tulipofika kwenye jiwe dogo, halizidi mkate, hakubadilisha sauti.

"Huyu wangu. Alikaa siku tatu. Nilimbatiza mwenyewe, mchungaji alikuwa safari."

Niliandika. Nilirudi Jumamosi mbili zaidi, bila posho, mpaka bibi akasema wamekwisha.

Nilimpelekea mchungaji zile karatasi. Alisoma amesimama, halafu akakaa.

"Hakuna aliyeniambia," alisema. "Mimi ni mgeni hapa, huu mwaka wa pili."

Aliwaita wazee wa kanisa. Mmoja wao akakiri kwamba alijua, ila alidhani mwingine angesema. Walibishana mchana kutwa. Mwisho wakakubaliana magari yakae upande wa barabarani, na kule nyuma wapande ua wa minyaa kuzunguka makaburi. Bibi hakuitwa kwenye kikao. Alipata habari kwa kuwaona vijana wamekuja na miche.

Kanisa lenyewe sikuliweza. Nilipendekeza ukuta uwekewe nguzo za kuushikilia, nikaiandikia ofisi barua, nikaandika ya pili. Sikujibiwa. Masika yakaingia, na Jumanne moja, saa sita mchana, ukuta wa ufa ukalala chini na kuvuta paa. Hapakuwa na mtu ndani.

Nilipofika, wanaume walikuwa wanachambua mabati yanayofaa. Niliona aibu, kana kwamba nililiangusha mimi kwa lile neno langu la fomu, mbaya. Bibi alikuwa ameketi kwenye benchi lililookolewa, anakula muhogo wa kuchoma. Nikampa pole.

"Limechoka," alisema. "Limesimama vya kutosha."

Akasogea nikae. Tukatazama kazi ile. Kisha akaniuliza kwetu ni wapi, na wazazi wangu wamelala wapi. Nikamwambia Songea, na kwamba tangu tumzike mama sijarudi. Kazi, watoto, nauli. Nilianza kuzitaja sababu, nikaziacha njiani.

Hakunilaumu. Alimega muhogo, akanipa kipande kikubwa, akasema nile ungali wa moto.

Nikala.